Kopo la Bonge

Mume wangu anakoroma. Zamani nilikuwa namkanyaga mguu ili anyamaze. Siku hizi anakoroma mchana kweupe, mlango wazi, mtoto wetu Panzi kamlalia kifuani akipanda na kushuka naye, na mimi nimekaa nawasikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Jirani akipita anachungulia, ananiuliza kwa macho: karudi kweli? Naitikia kwa kichwa tu, nisimwamshe. Karudi. Na kilichomrudisha ni kopo la maziwa.

Kazi nafanya kwa Shangazi. Si shangazi yangu wa damu, ni shangazi wa mtaa mzima. Sebule yake kaigeuza kuwa mahali pa kulelea watoto ambao mama zao wako kazini. Pana mkeka mkubwa, pana rafu ya mbao yenye visanduku, na kila kisanduku kimefungwa kitambaa cha rangi ya mtoto wake. Watoto tunawaita kwa majina ya utani. Yuko Mzee, aliyezaliwa na makunyanzi kwenye paji la uso na bado hajayaacha. Yuko Waziri, ambaye hajawahi kufika mapema hata siku moja. Na yuko Bonge, mashavu yamefunika shingo.

Shangazi ana utaratibu wake. Asubuhi tunamwaga begi, jioni tunaita begi. Mtoto akipokelewa, begi lake linamwagwa mkekani mbele ya aliyemleta, na kila kitu kinaingia kwenye kisanduku. Jioni tunakitoa kimoja kimoja, tunakiinua juu, tunakitaja, na aliyekuja kumchukua mtoto lazima ajibu kama ni chake. Asipojibu, hakitoki. Ilianza na ugomvi wa soksi. Mama wawili walivutana soksi moja mpaka ikawa ndefu kama ya mchezaji mpira, na Shangazi akaapa kwamba habari za soksi hatazisikia tena nyumbani kwake. Kina mama wanalalamika, wanasema hata forodhani mtu anapita kwa urahisi zaidi, lakini wanajibu.

Mume wangu ni fundi wa vitasa na funguo, na watu wote wanamwita Fundi. Alibadilisha kitasa cha duka la sonara, na haukupita muda duka likafagiliwa: bangili, mikufu, pete, hata vile vya wateja vilivyoletwa kuunganishwa. Mlango haukuvunjwa. Ulifunguliwa kwa ufunguo na kufungwa tena kwa adabu. Sasa hapo wa kwanza kunyooshewa kidole ni nani, kama si fundi wa funguo?

Aliyemkamata ni mkuu wa upelelezi wa kituo cha mtaa wa pili. Wanamwita Afande Pole. Anakuvisha pingu huku anakwambia pole sana ndugu yangu, kwa sauti laini kama ya mtu anayekuliwaza msibani. Uso wake nilikuwa sijawahi kuuona. Nilipokwenda kituoni na Panzi mgongoni nilikalishwa kwenye benchi, na upande wa pili wa ukuta wa mbao nikaisikia sauti yenyewe. Ilikuwa inamwambia mume wangu atie saini kwamba kaiba yeye, mambo yaishe.

"Ukikataa, pole sana," ikasema. "Nitamleta na mkeo humu ndani, na mtoto atalelewa na serikali."

Akapewa mpaka Ijumaa. Sikusubiri huyo mwenye sauti atoke. Nilitoka mbio, nikaja kupata pumzi nikiwa nyumbani.

Bahati yetu ni kwamba sonara hakuwa mjinga. Alikumbuka kwamba Afande Pole alipita kuazima ufunguo wake wa akiba, eti anakagua usalama wa maduka, akakaa nao siku nzima. Akaenda kulalamika makao makuu, nao wakatuma mpelelezi mwanamke, mrefu, aliyevaa raba na kubeba mkoba kama mwalimu. Alikuja kwangu. Kabla sijamkaribisha alishavua viatu mlangoni, akaketi chini, Panzi akamvuta hereni na yeye akamwachia avute. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniachia namba yake ya simu.

"Nakuamini, mdogo wangu," akasema. "Lakini kuamini kwangu hakufungui mlango wa mahabusu. Nahitaji hiyo dhahabu, na niikute kwa mwenyewe."

Zaidi yake niliyemwambia ni Shangazi tu. Kina mama wengine niliwaficha. Wakisikia baba Panzi yuko ndani kwa wizi, nani ataniachia mwanawe?

Basi Alhamisi asubuhi, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya kutia saini, Bonge akaletwa na baba yake.

Hatukuwahi kumwona baba huyo. Siku zote Bonge huletwa na mama yake, dada mmoja mpole anayefanya kazi maabara ya hospitali, na kuhusu mumewe tulijua tu kwamba ni askari na kazi zimemzidi. Bwana aliyesimama mlangoni alikuwa amemshika mtoto kwa mikono iliyonyooka, mbali na shati lake, kama amebeba jiko lenye moto. Bonge miguu inaning'inia, anashangaa.

"Habari za asubuhi, mama zangu," akasema. "Poleni na kazi."

Ni ile sauti. Ile ile ya nyuma ya mbao. Niliinama mkekani nikajifanya nakusanya vikorokoro, uso nimeuficha, ingawa hata kama angenitazama mchana kutwa asingenijua.

Shangazi akampokea Bonge, akanyoosha mkono kwa begi. Yeye akalivuta nyuma kidogo, akasema leo ana haraka, hayo mambo yawekwe kando. Shangazi akamjibu kwamba wenye haraka huwa anawaruhusu wamwage wenyewe. Akacheka kwa shida na kufungua zipu. Zikatoka nepi, sweta, taulo, na kopo kubwa jipya la maziwa ya unga. Chupa ya maziwa ya mama yake, ambayo haikosekani siku zote, haikuwemo.

"Hilo kopo msilifungue," akasema. "Ni la safari. Likae hivyo hivyo, jioni nitakuja kulichukua mwenyewe."

Alisema atakuja kulichukua kopo. Mtoto hakumtaja. Akaondoka.

Nilibaki nimeinama pale pale. Shangazi akaniuliza kama nimeumwa na nge. Nilipomnong'oneza kuwa huyo ndiye Afande Pole, akaketi juu ya kigoda na kusema kumbe Bonge wa watu, masikini, ndiye baba aliyepewa.

Haukupita muda Bonge akaanza kulia njaa, na Bonge akilia njaa mtaa mzima unajua. Shangazi akasema tulifungue tu hilo kopo, safari itanunuliwa jingine. Mimi nikasita, nikampigia simu mama yake kwanza. Nilidhani atasema sawa. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kopo gani tena?" akasema. "Mwanangu na maziwa ya kopo ni maadui. Tulimjaribu mara moja akatapika mpaka tukalazwa. Baba yake alikuwa kazini, basi hata hakumbuki. Asubuhi kaniambia leo nampeleka mimi, nimefurahi dada yangu, hujui tu. Nikasahau hata kumkumbusha chupa."

Akasema mchana atatoroka kazini aje kumnyonyesha, kwa sasa tumpe maji. Kisha akaniomba nimsomee kopo limeandikwa nini, pengine kanunua la wazee. Bado anacheka.

Nikaliinua nisome. Lilikuwa zito kuliko unga. Nilipoligeuza kitu kikasogea ndani, kitu kigumu. Nikamwambia mama Bonge nitampigia baadaye. Nikafungua mfuniko. Ile karatasi ya kung'aa ya chini yake ilikuwa imekatwa kwa wembe na kulazwa tena vizuri. Juu palikuwa na unga. Nikazamisha kijiko, kikagota. Nikavuta, na mkufu ukatoka mweupe kwa maziwa kama mtu aliyepakwa poda, na nyuma yake bangili, na chini yake zaidi.

Nawaambia ukweli, sikuona dhahabu. Niliona pingu. Mke wa Fundi, kopo mkononi, mali ya sonara imejaa mapajani. Askari yeyote angeingia mlangoni saa ile, nani angeuliza kopo ni la nani? Ikanijia kwamba labda kanitega. Halafu nikajijibu: angenitega asingesema atarudi mwenyewe. Huyu alikuwa anatafuta mahali ambapo hakuna mtu atapekua, na akaona pa kufaa ni kwenye begi la mwanawe. Maana yeye hakujua begi la mtoto mchanga linavyofanywa. Kwake lilikuwa ni begi tu.

Shangazi akasema tulitupe chooni, tusijue wala tusiulizwe. Nami nilishafika huko kwa mawazo. Lakini tukilitupa, kesho mume wangu anatia saini. Nikarudisha kila kitu ndani, nikafukia kwa unga, nikalaza karatasi kama ilivyokuwa, nikafuta kijiko kwa kanga. Kisha nikakaa na namba ya yule mpelelezi kwenye simu, kidole hakitaki kubonyeza. Naye ni polisi. Kama wanakula sahani moja? Nikakumbuka alivyovua viatu bila kuambiwa, na hereni alivyomwachia Panzi avute. Ni kitu kidogo, lakini sikuwa na kingine. Nikabonyeza.

Alipokea kwa sauti ya uchovu. Kumbe saa ile yeye na wenzake walikuwa nyumbani kwa Afande Pole, wenyewe hawapo, wamepekua mbele ya mjumbe wa mtaa mpaka chini ya godoro, hawajapata hata kishikizo. Kuna mtu kamtonya. Nikamweleza habari za kopo.

Akaniambia hawezi kuja kulichukua hivi hivi. Wakilikuta mikononi mwangu, jamaa atasema ni la kwangu, na kwa kuwa mimi ni mke wa Fundi, nani atambishia? Nikamwambia basi jioni anakuja kulichukua, na hapa kwetu kitu hakitoki mpaka mtu akiri ni chake. Nikamweleza kuita begi, tangu soksi mpaka leo.

"Mnafanya hivyo kila siku?" akauliza. "Mbele ya watu?"

"Kila siku. Mbele ya foleni nzima."

Nikasikia anacheka kwa pua. "Basi leo fanyeni kama kila siku," akasema. "Usiongeze neno, usipunguze."

Mchana ulikuwa mgumu kuliko asubuhi. Mama Bonge alikuja akihema, bado kavaa koti jeupe la maabara, akamnyakua mwanawe, akaketi pembeni kumnyonyesha. Uso ulikuwa unang'aa. Alinihadithia kwamba mumewe hajawahi kumbeba mtoto toka kitandani mpaka mlangoni, na leo kaamka mwenyewe, kaoga mapema, kafunga begi kwa mkono wake. Labda anaanza kubadilika, akasema. Akataka aone hilo kopo, alirudishe dukani wabadilishiwe kwa sabuni. Nikamwambia Shangazi kalifungia na ufunguo kaondoka nao. Nilimdanganya mama mwenzangu huku ananitazama machoni na mtoto yuko ziwani. Hilo bado linanichoma kidogo. Alipoondoka alinishika mkono, akaniambia ahsante kwa kumpenda Bonge.

Jioni jua lilikuwa bado kali. Kina mama wakaanza kujipanga barazani kama kawaida, na kati yao akakaa dada wa makao makuu, ambaye Afande Pole hakuwahi kumwona, kajifunga kanga, kampakata Mzee, ambaye mama yake huchelewa kutoka sokoni. Wawili wengine, wanaume, walikuwa wanajifanya wanatengeneza pikipiki ng'ambo ya barabara. Mzee akamkojolea yule dada mapajani. Hakushtuka, alimgeuza tu upande mwingine, na mama Waziri akamwambia karibu kwenye chama.

Afande Pole akaja akitabasamu. Alitaka kupita mbele, kina mama wakamwambia hapa hata mwenye bastola anapanga foleni. Wakacheka, akacheka nao, akapanga. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. Ilipofika zamu yake nilikuwa nimeshamtoa Bonge na kumweka mikononi mwake. Akamshika vile vile, kama jiko.

"Samahani dada, wewe ndiye mwangalizi?" akaniuliza kwa ile sauti. "Mume wako anafanya kazi gani?"

Pengine lilikuwa ni swali la kupitisha muda tu, lakini wakati ule sikujua.

"Kwa sasa hana kazi," nikasema.

"Pole," akasema. "Niletee tu hilo kopo, vingine mama yake atachukua kesho."

Shangazi akakohoa nyuma yangu. Nikashika kitu cha kwanza kwenye kisanduku, nikakiinua juu. 

"Sweta?"

Akanyoosha mkono kulichukua. Mama Waziri akamweleza kutoka nyuma kwamba ajibu tu, bila hivyo tutalala hapa, mwenzake mmoja aligoma kwa ajili ya kofia na kofia mpaka leo iko ukutani. Ni kweli, iko ukutani.

"Letu," akasema.

"Taulo?"

"Letu."

"Nepi hizi?"

"Ndiyo, dada, zetu, fanya haraka."

Nikainua kopo. Nilitumia mikono miwili, maana kwa mmoja lingeniponyoka.

"Kopo?"

Akatazama nyuma. Akatazama barabarani, zile pikipiki. Nikaona kabisa anapima. Akisema si lake, litabaki kwa Shangazi, na kesho mama Bonge atakuja kulibadilisha kwa sabuni. Hilo hakulijua, lakini mimi nililijua, na nilikuwa naomba Mungu aitamani ile dhahabu kuliko anavyoogopa.

"Langu," akasema.

"La maziwa ya Bonge?"

"Ndiyo. Nimelinunua mwenyewe, nimelileta mwenyewe. Lete hapa."

Kina mama wakapiga makofi, wakasema huyo ndiye baba. Alinyoosha mkono mmoja, Bonge kambana kwapani, akalipokea kopo. Na pale pale yule dada akasimama, kanga imelowa, akamrudisha Mzee kwa Shangazi, akatoa kitambulisho.

"Afande," akasema, "nisaidie kulifungua."

Wale wa pikipiki walishavuka barabara. Afande Pole alisema neno la kwanza lililomjia, kwamba kopo si lake, amepewa tu hapa, na kina mama wote kwa pamoja wakaanza kumsahihisha, maana walikuwa wamemsikia kwa masikio yao, hata hawajui kuna nini ndani, wanatetea utaratibu wa Shangazi tu. Mfuniko ukatoka. Yule dada akaingiza vidole kwenye unga akavuta mkufu.

Walitaka kumfunga pingu wakashindwa, mtoto yuko mikononi. Naye hakujua amkabidhi nani, anageuka huku, anageuka kule. Bonge akaanza kulia. Nikasogea.

"Nipe mimi," nikasema.

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Wewe ni nani?"

"Mke wa Fundi."

Sauti yote ile laini, siku hiyo ilikwisha. Nikampokea Bonge, nikamweka begani, nikamgeuza uso upande wa ukuta asione.

Fundi alitoka Ijumaa, siku ile ile aliyopangiwa kutia saini. Alitoka na ndevu, kakonda, viatu havina kamba. Panzi alimtazama, akazishika ndevu, akaanza kulia, kisha baba yake akampulizia shingoni kama zamani na kilio kikageuka kicheko katikati. Mimi sikulia. Nililia baadaye, nikiwa naosha masufuria, mpaka maji yakapoa.

Mama Bonge hakuonekana kwa muda. Nilijua anaona aibu, na mimi nilikuwa na yangu, ya lile kopo nililomficha. Asubuhi moja akasimama mlangoni, macho yamevimba, Bonge mgongoni, akauliza kama nafasi ya mwanawe bado ipo au imeshachukuliwa. Shangazi alinyoosha mkono, akachukua begi, akalimwaga mkekani. Nepi, sweta, taulo, na chupa ya maziwa, bado ina joto. Tukatazamana, yeye na mimi, tukacheka bila kupenda, halafu akanikumbatia na Bonge katikati yetu akalalamika.

Jioni ya siku hiyo Fundi alikuja kuniona kazini. Alikuwa amenyoa. Alikuta foleni, akajipanga nyuma ya mama Waziri, mikono nyuma, mpole kama mgeni. Sikumwonyesha kwamba namjua. Zamu yake ilipofika nikachukua vitu vya Panzi.

"Kofia?" nikauliza.

"Yetu."

"Kijiko?"

"Chetu."

Nikamnyanyua Panzi juu, anarusharusha miguu kama kawaida yake. "Mtoto?"

"Wangu," akasema. Akaninyooshea kidole. "Na huyo anayeita pia ni wangu. Mfungieni kwenye begi, twende nyumbani."

Mama Waziri akasema jamani, wengine tuna haraka.